Vijana watamkubali mtangazaji asiye mtu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina TV ndogo ya mtandaoni hapa Nyakato, Mwanza. Tunarusha YouTube, Facebook na TikTok. Watazamaji wetu wengi ni vijana: wanachuo wa Malimbe, bodaboda, wachuuzi wa Mwaloni Kirumba, mafundi wa Igoma. Nilikuwa na wasomaji wa habari wawili, mmoja amepata kazi Dar es Salaam na ameshaondoka. Sasa kuna kijana anauza programu, amenionyesha mtangazaji wa akili mnemba (AI). Ni dada mrembo, anasoma chochote unachomwandikia, hachoki, haumwi, haombi nauli. Kijana anasema vijana wa leo hawajali nani anasoma habari, wanajali habari yenyewe. Mume wangu anasema tutachekwa mji mzima. Je, vijana watamkubali? Na nikiamua kumtumia, nimtumie vipi?

Jibu: Marahaba, dada. Nitangulize jibu, maana najua muuzaji anasubiri pesa yake. Vijana watamtazama, na wengi watamzoea ndani ya muda mfupi. Lakini kumtegemea, kwa maana ya mtu kusikia jambo kwako akainuka kwenda kulifanyia kazi, hapo sioni. Na kwa TV ya mkoani hicho ndicho unachouza. Kwa hiyo mtumie kwa kazi ndogo na kwa uwazi. Kile kiti kilichobaki tupu kitafutie mtu.

Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu hoja ya huyo kijana si ya kupuuza hata kidogo.

Kwanza, anachokuuzia si kipya. Novemba 2018, kwenye mkutano wa intaneti uliofanyika mji wa Wuzhen, shirika la habari la China, Xinhua, pamoja na kampuni ya Sogou, walionyesha mtangazaji wa akili mnemba aliyetengenezwa kwa sura na sauti ya mtangazaji wao wa kweli, Qiu Hao. Mwaka uliofuata wakaleta wa kike. Mwaka 2020 kituo cha MBN cha Korea Kusini kikatengeneza pacha wa mtangazaji wake maarufu, Kim Ju-ha. Kisha 2023 wakamiminika: Fedha wa Kuwait News, Sana wa Aaj Tak na Lisa wa Odisha TV kule India. Hapa Afrika, chumba cha habari cha CITE cha Bulawayo, Zimbabwe, kikamleta Alice. Hukosi pa kujifunzia.

Namna wanavyofanya kazi ni rahisi kuliko inavyoonekana. Unaandika habari, programu inageuza maandishi kuwa sauti, kisha inachezesha midomo, macho na shingo ya sura iliyokwisha andaliwa ili vifuatane na ile sauti. Basi. Kinachosoma hakijui kama kinasoma matokeo ya Pamba Jiji au tangazo la msiba. Uandishi, uhakiki na uhariri vyote vinabaki kwako, jambo ambalo muuzaji hupenda kulipita haraka haraka. Msomaji wako aliyeondoka nadhani alikuwa anapiga simu polisi, anahariri video na kujibu komenti pia. Mashine itachukua dakika zake tano za mbele ya kamera na kukuachia saa zake nyingine zote.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa Poland, kwa sababu wale walilenga vijana hasa, kama wewe. Oktoba 2024, OFF Radio Kraków, chaneli ndogo chini ya redio ya umma ya mji wa Kraków, iliachana na wachangiaji wake na kuweka watangazaji watatu wa akili mnemba: Emilia, Jakub na Alex. Walipewa umri wa miaka ishirini na kitu, wakapewa wasifu na mambo wanayoyapenda, ili kijana wa rika hilo ajione anaongea na mwenzake. Moja ya vipindi vya mwanzo ikawa ni mahojiano na mshairi Wisława Szymborska, mshindi wa Nobeli ya fasihi ya 1996. Mama huyo alifariki 2012. Mtangazaji asiyekuwepo akamhoji marehemu, kwa maneno ambayo marehemu hakuyasema.

Watu zaidi ya 20,000 wakasaini waraka wa kupinga, ulioanzishwa na mmoja wa waandishi walioondolewa. Majaribio yalikuwa yamepangwa kuchukua hadi miezi mitatu. Yalifungwa baada ya wiki moja hivi, uongozi ukisema umeshapata mafunzo ya kutosha.

Wengi husoma kisa hicho kama ushahidi kwamba vijana hawataki mashine. Mimi siyo hivyo nilivyokisoma. Kijana anayetumia filta usoni, anayesikiliza sauti iliyonyooshwa na kompyuta kwenye Bongo Fleva, hawezi kukasirishwa na sauti ya kutengenezwa peke yake. Kilichokera ni vitu viwili vilivyokuja pamoja: watu wa kweli wameondolewa, na mahali pao pamewekwa kitu kinachodai kuwa na ujana. Ungeandika tu kwamba hii ni programu inasoma ratiba ya muziki, wala pasingekuwa na waraka.

Gazeti la The Garden Island la kisiwa cha Kaua‘i, Hawaii, nalo mwaka huo huo wa 2024 liliweka watangazaji wawili wa namna hiyo, James na Rose, wakijadiliana habari za kisiwa. Hawakumaliza miezi mingi. Kisiwa ni kidogo, kila mtu anamjua kila mtu, halafu wawili wasiokijua ndio wanakaa kukieleza. Nadhani mtu wa Ukerewe hahitaji ufafanuzi zaidi wa hapo.

Lakini kuna kisa cha upande wa pili, na hiki ndicho kinachonizuia kumwambia huyo kijana muuzaji aondoke zake. Venezuela, baada ya uchaguzi wa Julai 2024, waandishi walikuwa wanakamatwa. Vyombo kadhaa vya habari vya kujitegemea vikaungana vikatoa taarifa zao kupitia watangazaji wawili wa akili mnemba waliowaita El Pana na La Chama, yaani majina ya mtaani, kama sisi tungesema Mshikaji na Dogo. Wakasema wazi tangu mwanzo kwa nini wamefanya hivyo: sura ya mashine haikamatwi. Nyuma yake walikuwepo waandishi halisi wakikusanya na kuhakiki. Hapo mtazamaji hana sababu ya kujiona amedanganywa, kwa sababu ameambiwa sababu, na ni sababu inayomhusu yeye. Sasa jiulize, sababu yako wewe ni ipi? Kama ni kuokoa mshahara, mtazamaji ataijua hata usipoisema.

Nije kwenye takwimu, maana wateja wako wa matangazo watakuuliza. Taasisi ya Reuters iliyoko Chuo Kikuu cha Oxford iliuliza watu wa nchi sita mwaka 2025: Argentina, Denmark, Ufaransa, Japani, Uingereza na Marekani. Waliosema wako radhi na habari iliyotengenezwa yote na akili mnemba walikuwa asilimia 12. Walio radhi na habari iliyotengenezwa yote na binadamu, asilimia 62. Ukiingia ndani zaidi ndipo panapokuhusu: asilimia 55 hawana shida mashine ikisahihisha tahajia na sarufi, asilimia 53 hawana shida ikitafsiri, lakini kwa mtangazaji au mwandishi bandia walio radhi ni asilimia 19 tu. Hakuna nchi ya Afrika humo, kwa hiyo usichukue namba hizo ukazibandika Mwanza. Chukua mpangilio wake: watu wanaikubali mashine jikoni kuliko mezani.

Taasisi hiyo hiyo, katika ripoti yake ya mwaka huo ya habari za kidijitali, ilikuta asilimia 15 ya walio chini ya miaka 25 wanatumia programu za kuongea na akili mnemba kupata habari kila wiki, wakati kwa watu wote ni asilimia 7. Nina hakika kijana wako ana namba kama hii mfukoni. Atakuambia: unaona, vijana wameshahamia. Ni kweli wamehamia, ila angalia wamehamia wapi. Mwanachuo akiwa na ChatGPT kwenye simu anauliza, anabisha, anasema sijaelewa nieleze kwa kifupi, anaomba aambiwe kwa Kiswahili. Yeye ndiye anayeendesha mazungumzo. Mtangazaji mnemba wa kwako hana hilo hata moja. Anasoma, kijana anasikiliza, kwisha. Umemchukulia kijana kile anachokipenda kwenye akili mnemba, yaani kuuliza, na umemnyima kile anachokipenda kwa mtangazaji, yaani mtu. Kwa hiyo kusema kwamba kwa kuwa wanapenda hiki watapenda na kile, hapo hesabu haijumlishiki.

Hilo la mtu lina historia ndefu kidogo. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jinsi mtazamaji anavyojenga uhusiano na mtangazaji asiyewahi kuonana naye: anamjua, anamtania, anamsamehe akikosea. Huku kwetu halihitaji utafiti. Mwanza imelea Radio Free Africa na Star TV, na wapo watu wazima mjini hapa wanaokumbuka sauti ya msomaji wa magazeti wa asubuhi kuliko sauti za walimu wao. Huyo msomaji akikohoa, watu walijua ana mafua. Akiwa kimya siku mbili, watu waliulizana kwenye daladala. Wale watazamaji wako wa Igoma, nakuhakikishia, wameshauliza yule kaka au dada aliyeondoka yuko wapi. Pitia komenti zako uone.

Fred Davis, naye Mmarekani, mwaka 1989 alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiona ina manufaa kwake na haimsumbui kuitumia. Tafiti nyingi za kuwauliza vijana juu ya watangazaji hawa zimejengwa juu ya hoja hiyo. Ni hoja nzuri kwa simu au kwa programu ya benki. Kwa mtangazaji inapwaya, kwa sababu manufaa ya kutokulipa mshahara ni ya kwako wewe mwenye TV. Kijana wa Buhongwa anafaidika nini habari ikisomwa na mashine? Kama jibu lipo, labda kwamba atapata habari saa tisa usiku wakati watu wamelala, au kwamba ataipata kwa Kisukuma, hapo anza nalo. Kama halipo, amekuja kushangaa tu, na mshangao huisha.

Kuhusu sura: Masahiro Mori wa Japani aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kikifanana na binadamu kidogo kinapendeza, kikifanana sana lakini si kabisa kinaleta kinyaa. Programu za sasa zimepunguza sana tatizo hilo. Sura ya huyo dada yako labda itapita. Kitakachomkamata ni ulimi, na hapa naomba univumilie kidogo maana ndipo penye hatari yenyewe.

Sauti za Kiswahili zipo na zinazidi kuwa nzuri. Microsoft, kwa mfano, ina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania zinazoitwa Rehema na Daudi, na mbili za Kenya, Zuri na Rafiki. Ukizisikia zikisoma sentensi ya kawaida hutashtuka. Shida inaanza kwenye majina ya huku. Mwambie asome Nyang'hwale. Mwambie asome Ng'hungumalwa. Ile ng' yetu, ambayo mtoto wa Misungwi anaitamka kabla hajaota meno, mashine mara nyingi huigawa vipande viwili au kuimeza. Mwandikie MWAUWASA, ile mamlaka ya maji ya Mwanza, uone kama ataisoma kama neno, kama tunavyosema sote, au ataitaja herufi kwa herufi kama anasoma namba ya gari. Kijana wa Mwanza atacheka, atakata kipande hicho, atakiweka status. Hapo mume wako ana haki yake. Ila kuchekwa kunavumilika, na wapo wafanyabiashara waliokua kwa kuchekwa.

Kisichovumilika ni saa. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia alfajiri, mashine nyingi zinafikiri kwa saa za Kizungu. Chukua taarifa ya utabiri iliyoandikwa kwamba upepo mkali unatarajiwa kuanzia 20:00. Mashine inaweza kukusomea "saa ishirini," na kijana akakisia. Hilo ni afadhali. Baya zaidi ni pale unapochukua taarifa ya Kiingereza yenye saa nane za kwao za usiku, unaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, inatoka "saa nane usiku," nayo inasomwa kwa sauti safi, kwa uso mkunjufu, bila kigugumizi. Upepo unaanza saa mbili usiku, wewe umewaambia wavuvi wa dagaa kwamba wana saa sita za usalama. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na wengi wao ni vijana wale wale unaowalenga. Pale Igombe na Kayenze kijana ana simu, ana bando la wiki, anaangalia kabla ya kusukuma mtumbwi.

Msomaji wa Mwanza angesita. Angeona "saa nane usiku" akauliza chumba cha habari: hii ni saa nane ya kwetu au ya kwao? Kusita kwake kuna thamani kuliko usomaji wake wote mzuri, na hakuna muuzaji anayekuonyesha kitu hicho kwenye onyesho la programu, kwa sababu kwenye onyesho hakuna anayekosea.

Halafu kuna siku ambazo ziwa linatoa habari isiyosomeka kwa sauti ya kawaida. Watu wa huku wana kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 21, 1996, na wana kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere Septemba 20, 2018, pale karibu na Ukara, ambako walikufa zaidi ya watu 220. Idadi ilipanda siku hadi siku, jamaa wakisubiri ufukweni, na kila aliyeshika maikrofoni alijua kwamba namba anayoitaja ina majina ya watu wanaomsikiliza. Siku ya tatu mtu mmoja, fundi wa kivuko, akaokolewa akiwa hai. Fikiria habari hizo mbili, ya maiti na ya huyo aliyeokolewa, zikisomwa na sura moja kwa tabasamu moja. Kijana wa miaka 20 anaweza kuipenda mashine yako miezi kumi na moja. Siku hiyo atahamia kwa mwingine na hatarudi, na atakuwa sahihi.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli kwamba vijana hawajali nani anasoma. Kwa habari za wasanii na mpira, sawa, hawajali. Simba na Yanga wamefungana ngapi, hata kasuku akisema inatosha. Kwa habari inayomgusa kijana mfukoni au nyumbani kwao, kitu cha kwanza anachoandika kwenye komenti ni "chanzo?" Na kuna neno lingine analoliandika siku hizi: "hiyo AI." Hawa ndio waliokulia kwenye video za kughushi, mtu maarufu anaonekana akihimiza watu watume pesa kwenye uwekezaji asioujua hata yeye. Wamejifunza kutazama vidole, meno na kupepesa kwa macho. Wewe ukija na dada wa kutengenezwa, unaingia kwenye fungu moja na matapeli hao, na itabidi ujitoe humo kwa nguvu zako mwenyewe.

Kujitoa huko kunaanza na kuandika. Weka maandishi kwenye video muda wote, siyo sekunde mbili za mwanzo: "Msomaji huyu ni wa akili mnemba. Habari imeandikwa na kuhakikiwa na" kisha jina la mhariri wako wa kweli. YouTube na TikTok zenyewe zinataka useme pale video ya kutengenezwa inapofanana na uhalisia, kwa hiyo hapo huna hiari kubwa. Kisheria pia, leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iko kwa jina lako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu juu ya kuchapisha taarifa za uongo, na programu haiitwi kituoni kutoa maelezo. Unaitwa wewe.

Na usithubutu kumtengeneza yule msomaji aliyeondoka. Najua wazo hilo limekupitia, kwa kuwa una saa nyingi za sauti yake kwenye kompyuta. Sura na sauti yake ni mali yake, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Kama atakubali, kaeni muandikiane: sura na sauti yake zitasoma habari gani, kwa muda gani, kwa malipo gani, na siku akisema basi inafutwa.

Neno moja la pembeni kuhusu huyo dada mrembo. Angalia orodha niliyokupa huko juu: Fedha, Sana, Lisa, Alice. Wote wanawake, vijana, wamepakwa poda. Hao ni wanawake waliobuniwa na watu wanaotaka mwanamke asiyeomba nauli wala likizo ya uzazi. Wasichana walioko kwenye hadhira yako wanaliona hilo haraka kuliko wewe unavyodhani, na sidhani kama wanalifurahia. Ukiniuliza mimi, chagua kikatuni. Samaki aina ya sato aliyevaa miwani anasoma bei za samaki, nani atasema umemdanganya?

Kwa hiyo kazi ya kumpa ni ile isiyomtaka asite: bei za asubuhi za sangara, sato na dagaa pale Kirumba, ratiba ya mechi, muhtasari wa vichwa vya habari usiku wa manane wakati watu wako wamelala, tena baada ya mtu kusikiliza mara moja kabla haijaruka. Saa zote ziandikwe kwa maneno na kwa Kiswahili, "saa mbili usiku," kamwe usimwachie tarakimu. Majina magumu yaandikwe jinsi yanavyotamkwa hata kama tahajia itaumia, maana hakuna anayeiona isipokuwa mashine. Ajali, misiba, mahakama, siasa, mlipuko wa ugonjwa na onyo la hali ya hewa vibaki kwa binadamu. Na nyuma ya pazia itumie akili mnemba unavyotaka: kuandika manukuu ya mahojiano, kutengeneza maandishi ya chini ya video, kupendekeza vichwa. Huko hata zile asilimia za Reuters ziko upande wako.

Kama bado una wasiwasi kuhusu vijana wako, wapime mwenyewe, maana Oxford haijafika Nyakato. Chukua habari moja ya kawaida, isomwe na msomaji wako aliyebaki, kisha isomwe na mashine. Wape vijana wa makundi tofauti, siyo wanachuo peke yao. Mwanachuo wa uandishi atakujibu kwa nadharia. Usiwaulize kama wamempenda, wote watasema yuko poa. Waulize kesho yake wanakumbuka nini kwenye ile habari. Halafu waulize: ungeituma hii kwenye grupu la familia, kwa mama yako Sengerema? Kijana anaweza kutazama takataka yoyote peke yake, lakini anachomtumia mama yake ni kile ambacho yuko tayari kukibebea lawama. Kama ya mtu inatumwa na ya mashine haitumwi, utakuwa umepata jibu la watu wako mwenyewe.

Na kwa muuzaji, kabla hujatoa shilingi, mwite ofisini na umwambie programu isome hii hapa papo hapo, bila yeye kuigusa kwanza: "Kivuko cha kwenda Nansio kitaondoka saa 8:00 mchana. Mkuu wa Wilaya ya Nyang'hwale amekutana na wachimbaji. MWAUWASA imetangaza kukatika kwa maji Nyakato na Buzuruga. Ndoo ya dagaa imeuzwa Sh 12,500." Msikilize pamoja, wewe, mume wako na yule msomaji aliyebaki. Ikipita, lipia mwezi mmoja. Wauzaji wengi watakusukuma ulipie mwaka kwa punguzo. Kataa, kwa sababu sauti hizi zinabadilika kila baada ya miezi michache na utakuwa umefungwa na ya zamani. Isipopita, mwambie akairekebishe kwanza arudi, na tangazo la nafasi ya msomaji libandike vyuoni wiki hii hii, Malimbe hawakosi vijana wanaotafuta pa kuanzia.